Jezi Kumi za Busanza

Wewe unayenisikiliza, kabla sijaenda mbali, shika pindo la fulana uliyovaa, ulivute chini, kisha uliachie. Limerudi juu? Kama limerudi, umevaa kitambaa kinachovutika, na haya ninayotaka kukueleza yanakuhusu moja kwa moja. Kama halikurudi, pengine umevaa shati la kitambaa cha kawaida, ambacho nyuzi zake zimepitana kama ukindu wa mkeka. Mimi nilijifunza kushona kwa kitambaa cha aina hiyo ya pili: vitenge, khaki za shule, mashuka. Hicho cha kwanza nilikuja kukifahamu Kigali, na nilikifahamu kwa kukiharibu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ubunifu wa mavazi huku kwetu Tanzania, na kila mwanafunzi alitakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki kumi. Wenzangu wengi walikwenda kwenye karakana za sare za shule. Mimi nilitaka nguo za michezo. Nilipokuwa sekondari nilicheza netiboli nikiwa na blauzi ya darasani, na kila niliponyoosha mkono kudaka mpira, mshono wa kwapa ulifumuka. Niliamini mchezaji anaweza kushonewa nguo bora kuliko ile. Mwalimu wangu alimjua mama mmoja mwenye karakana ya jezi Kigali, akaniandikia barua, nikapanda basi kutoka Morogoro na begi moja na mkasi wangu nimeuzungushia taulo.

Karakana ilikuwa Biryogo, kwenye kichochoro ambacho magari hayaingii, kati ya mgahawa wa chapati na duka la kanzu. Ilikuwa na cherehani sita, ovaloki mbili za kufungia kingo za kitambaa, na meza moja ndefu ya kukatia iliyochukua nusu ya chumba. Mwenye karakana alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mtoto wa Wanyarwanda aliyezaliwa na kukulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Sote tulimwita Mama. Mkataji alikuwa mzee wa hapo hapo Biryogo, mwenye kofia ya mkono iliyofuliwa mpaka ikawa laini, na huyo tulimwita Fundi, ingawa mafundi tulikuwa wengi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukata. Wengine tulishona, tulipiga pasi, tulichora. Mimi waliniita Mtanzania, na sikumbuki kama kuna aliyewahi kuniita vinginevyo.

Katika wiki ya tatu ilikuja kazi ambayo Mama aliamua kunipa mimi niibuni. Timu ya wanawake ya Busanza, upande wa Kicukiro, ilitaka jezi kumi. Ilikuwa timu ya mpira wa wavu wa kukaa. Kama hujawahi kuuona mchezo huu, nikueleze taratibu, maana bila hivyo hutaelewa kosa langu. Ni mpira wa wavu kama tunaoujua, lakini wachezaji wamekaa sakafuni. Uwanja ni mdogo na wavu uko chini, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyekaa. Wengi wao wamekatwa mguu, au mguu wao haukukua sawasawa. Sheria kubwa ni kwamba unapoupiga mpira, makalio yasiachane na sakafu. Kwa hiyo mchezaji hakimbii kwa miguu. Anajisukuma kwa mikono, anateleza huku na huku, kisha mikono hiyo hiyo inapanda kuupiga mpira.

Mama alinituma Busanza kuwapima. Alinionya kitu kimoja: "Wapime wamekaa. Ukiwapima wamesimama, utashona nguo za picha."

Niliwakuta kwenye kiwanja cha saruji chenye paa la mabati, karibu na zile nyumba za makazi mapya. Kapteni wao alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mwuza mboga, mwenye mguu mmoja na magongo mawili aliyoyaegesha ukutani kama mtu anavyoegesha mwavuli. Nilimwinamia nikamwambia, "Shikamoo, dada."

Wote wakacheka. "Shikamoo iko ya nyanya yangu," akasema, akimaanisha bibi yake. "Mimi niko na miaka thalathini na mbili. Pima, sha, rafiki, jua inaenda."

Nikapima. Mabega, kifua, urefu wa mgongo wakiwa wamekaa na wamenyoosha mikono juu. Kila mmoja aliniambia jambo lile lile kwa namna yake: mgongo ufunikwe. Jezi zao za zamani, zilizoshonwa kwa watu wanaosimama, zilipanda hadi kiunoni kila walipoinua mikono. Niliandika kwenye daftari: "Mgongo ufunikwe." Nilidhani ni suala la stara, nikaona ni ombi la heshima, nikaaga nikaondoka. Sikukaa kutazama hata seti moja. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuchora.

Nilichora jezi ambayo mpaka leo naipenda. Mgongo ulikuwa mrefu kuliko mbele kwa vidole vinne, na pindo lake la nyuma limepinda kama mkia wa shati. Mishono ya ubavu niliisogeza mbele kidogo ili isikaliwe. Mama aliitazama patani yangu, yaani kiolezo cha karatasi cha kukatia, kwa muda mrefu, akaigeuza, akapima kwa viganja, kisha akasema, "Hii itakatwa." Hakuniambia neno jingine la sifa, nami sikuhitaji jingine.

Kitambaa alikinunua mwenyewe Muhima, jora dogo la rangi ya bluu kama wino, zito kidogo, la kuvutika. Mwenye duka alimwambia hilo ndilo la mwisho, na rangi ile haitarudi kabla ya mwezi mmoja na zaidi. Mechi ya timu ya Busanza, dhidi ya timu iliyokuwa ikitoka mkoani, ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Kwa hiyo jora lilikuwa hilo moja, na siku zilikuwa tisa.

Jora lilifika Ijumaa kabla ya adhuhuri. Fundi alilifungua lote, na badala ya kulitandika na kuanza kukata, alilimwaga mezani kwa mikunjo mipana, legelege, kama mtu anayeshusha neti ya mbu. Akalifunika kwa shuka.

"Hatukati?" nikamuuliza.

"Kinapumzika," akasema. "Kimetoka safari, kimefungwa, kimevutwa. Jumatatu tutakata."

"Kitambaa kinapumzika, Fundi?"

"Wewe ulipofika na basi hukulala?" Akavaa viatu vyake. "Usikiguse, Mtanzania. Mimi naenda msikitini, halafu naenda nyumbani. Kesho umuganda."

Umuganda, kama hujui, ni kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Asubuhi maduka hufungwa, barabara hunyamaza, na kila mtaa hutoka na majembe na mafagio yake. Katika karakana yetu walikuwa na desturi ya miaka mingi: majora ya kitambaa cha kuvutika waliyapangia yafike Ijumaa hiyo. Watu wakienda kufyeka na kuzibua mitaro, kitambaa kinabaki mezani kimelala Jumamosi na Jumapili. Hakuna aliyenieleza kwamba ni desturi yenye maana, kwa sababu kwao ilikuwa wazi kama kuloweka maharage. Nami nilitafsiri nilichokiona kwa elimu yangu ya vitenge. Kitenge hakipumziki. Kitenge unakitandika, unakivuta kinyooke, unakata. Nikajiambia kwamba mzee ametafuta maneno mazuri ya kuanzia mapumziko yake mapema.

Mama alikuwa amekwenda Nyabugogo kupeleka mzigo. Mafundi wenzangu wakaondoka mmoja mmoja kuanzia saa tisa. Nilibaki kufagia. Nikaiona meza, nikaiona patani yangu imetundikwa ukutani, na nikafikiri jinsi Mama atakavyokuja Jumatatu akute kazi ya siku nzima imekwisha. Nilitaka aone kwamba nina bidii. Ndiyo sababu yenyewe, wala sina nyingine ya kukupa.

Nikaondoa shuka. Kitambaa kilikuwa na mawimbi madogo madogo, hakikulala bapa. Nikafanya nilichofundishwa: nikakivuta mpaka kikanyooka kama ngozi ya ngoma, nikabana ncha kwa vyuma vya uzito, nikaweka patani, nikapiga chaki, nikakata. Migongo kumi, mbele kumi, mikono ishirini. Mkasi wangu uliteleza vizuri. Kilichobaki nikakikunja legelege mezani kama nilivyokikuta, vipande nikavipanga kwa mafungu, nikafunga mlango, nikapeleka ufunguo kwa jirani mwenye mgahawa.

Jumamosi nilikwenda umuganda na majirani wa nyumba niliyopanga. Tulizibua mtaro uliojaa matope na chupa. Jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekulia Uganda, alinitazama ninavyolima akasema, "Mtanzania, hilo jembe unalishika kama unaogopa litalia." Nilicheka kuliko wote. Ukitaka kujua moyo wangu ulivyokuwa siku hiyo, ulikuwa mweupe kabisa.

Jumatatu nilifika wa kwanza, lakini Fundi alinifuata nyuma. Aliona mafungu. Alichukua mgongo mmoja, wa saizi kubwa, akaulaza juu ya patani yake mezani bila kuuvuta, akaulainisha kwa kiganja mara moja tu.

Pindo la mgongo halikufika kwenye pindo la patani. Lilikosa vidole viwili vinene. Ubavuni kipande kilikuwa kimezidi upana.

"Labda nimekosea chaki," nikasema.

"Chaki yako iko sawa. Tazama." Akachukua mwingine. Vidole viwili. Akachukua wa saizi ndogo. Vidole viwili kasoro kidogo. "Ulikivuta?"

"Kilikuwa hakijanyooka."

"Ukakivuta."

"Ndiyo, Fundi."

Akakaa kwenye kiti chake, akavua kofia, akaiweka gotini. Nilitegemea anipigie kelele. Badala yake alinieleza, na maelezo yake ndiyo ninayowapa watu mpaka leo. Kitambaa hiki, alisema, kimeundwa kwa vitanzi, kama sweta. Kiwandani kinapozungushwa kwenye jora kinavutwa kwa urefu, na vile vitanzi vinarefuka. Ukikiachia, vitanzi vinarudi taratibu kwenye umbo lake: kitambaa kinapungua urefu na kuongezeka upana. Hakirudi kwa dakika moja. Kinahitaji usiku, kizito kinahitaji hata siku mbili. Ukikikata kabla, kitarudi baada ya kukatwa, na hutaweza kukiambia kisirudi. "Na wewe," akamaliza, "hukukata tu kabla. Ulikivuta tena juu ya mvuto wake."

Mama aliingia tukiwa hivyo. Fundi akamwonyesha kwa vidole viwili juu ya meza. Mama akaangalia mafungu yote, akaniangalia mimi, na neno la kwanza lililomtoka ni lile ambalo watu wa Kigali humwambia aliyefikwa na jambo: "Ihangane." Maana yake ni vumilia, pole. Kuambiwa pole na mtu niliyemharibia kitambaa kulinifanya nilie, jambo ambalo nilikuwa nimeapa sitalifanya mbele yao.

"Lia haraka," akasema Mama, "tuna kazi. Fundi, tutaokoa nini?"

Wakapiga hesabu wawili hao, na hesabu yenyewe ni nzuri, nifuate. Jezi zilikuwa za saizi tatu: ndogo nne, za kati nne, kubwa mbili. Vipande vya saizi kubwa, kwa kuwa vimefupika, sasa vilitosha kukatwa upya viwe saizi ya kati. Vya kati vilitosha kuwa vidogo. Vile vidogo vilikuwa vimekwisha, havikumfaa mtu yeyote. Kwa hiyo tulikuwa na ndogo nne na za kati mbili. Zilibaki kutafutwa za kati mbili na kubwa mbili, jumla nne, kutoka kwenye kitambaa kilichobaki mezani, ambacho angalau kilikuwa kimepumzika. Fundi alikipima mara tatu, akageuza patani huku na huku, akajaribu kubana mikono katikati ya migongo.

"Tatu," akasema. "Nne haitoki. Labda mmoja ashonewe fupi."

"Hakuna wa kushonewa fupi," akasema Mama. "Hilo ndilo waliloomba." Akanigeukia. "Weye utakwenda Busanza kesho, uwaambie."

"Niwaambie nini, Mama?"

"Kilichotokea. Halafu uwaulize wanataka tufanye nini. Jezi ni zao."

Nilikwenda Jumanne mchana, wakati wa mazoezi yao. Njiani nilitunga maneno mengi, mengine yakiwa na kitambaa chenye dosari na mwenye duka wa Muhima ndani yake. Nilipofika, yule kapteni alinipungia mkono kutoka sakafuni, na yale maneno yote yakaniishia. Nilisema: "Nilikata kitambaa kabla ya siku yake. Zimetoka fupi. Tunaweza kuokoa tisa. Ya kumi itakuwa fupi, au isiwepo. Kosa ni langu, si la karakana."

Mwenye mpira akauachia. Mpira ulibiringika mpaka ukutani. Halafu kapteni akapiga sakafu kwa kiganja, pembeni yake.

"Kaa hapa."

"Dada, nilikuwa nauliza kwamba..."

"Kaa. Utauliza ukikaa. Sasa iko mazoezi."

Nikavua viatu, nikakaa. Wakanionyesha jinsi ya kujisukuma. Saruji ilikuwa ya moto kupitia suruali. Nilivaa blauzi yangu ya kawaida, na nilipoinua mikono mara ya kwanza nilihisi upepo kiunoni. Bila kufikiri, mkono wangu wa kushoto ukarudi nyuma kuivuta blauzi. Wakati huo huo mchezaji wa ng'ambo ya wavu, msichana mwembamba mwenye macho ya utani, akanipigia mpira. Ukanipata kwenye paji la uso.

Kiwanja kizima kilicheka. Mmoja alicheka mpaka akalala chali.

"Mana yanjye!" alipaza sauti yule msichana, yaani Mungu wangu. "Ametumia kichwa! Mpe alama!"

Kapteni hakucheka sana. Aliniuliza, "Mkono yako ilikuwa wapi?"

"Kwenye blauzi."

"Ehe. Hapa hatuko na miguu, mkono iko mguu. Mkono ikishika nguo, nani atasukuma? Nani atapiga?" Akainua mikono yake miwili mipana akanionyesha. "Wewe ulifikiri tunaona haya?"

Nikakubali kwamba ndivyo nilivyofikiri.

"Haya kidogo," akasema yule msichana mwembamba, "lakini sana sana mpira."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekipunguza. Vidole viwili nilivyowanyima mgongoni vilikuwa ni mkono mmoja wa kila mchezaji, kila mara mpira unapopanda. Nilikuwa nimewapima kila kona ya mwili na sikuwa nimetazama wanavyocheza.

"Sasa hiyo moja," kapteni akarudi kwenye jambo langu. "Hakuna kitambaa kabisa? Hata rangi ingine?"

"Rangi nyingine ipo. Karakana ina ya machungwa, imekaa muda mrefu. Lakini timu haiwezi kuwa na jezi tisa za bluu na moja ya machungwa."

Wakatazamana. Kisha yule msichana mwembamba akaanza kupiga makofi, akisema kitu kwa Kinyarwanda kwa kasi, na wenzake wakaanza kucheka upya, wakinionyesha kidole.

"Nini?" nikauliza. "Nini tena?"

"Mimi niko libero," akasema msichana. "Unajua libero?"

Sikujua. Wakanieleza kwa kusaidiana, huyu akianza na mwingine akimalizia. Libero ni mchezaji wa ulinzi tu, anayeingia na kutoka bila kuhesabiwa kama mabadiliko ya kawaida, na ili mwamuzi amwone, sheria inamtaka avae rangi tofauti na wenzake. Wao hawakuwahi kuwa na jezi ya libero. Kila mechi alivaa jezi ya timu, na juu yake kizibao cha kuazima.

"Naivishwa ndani kama muhogo," akasema. "Jasho mpaka hapa. Nipe hiyo machungwa! Mimi naitaka!"

"Saizi yako ni ipi?" nikauliza upesi, kwa kuwa iliyopungua ilikuwa ya kati au kubwa, na kama yake ni ndogo isingesaidia.

"Si ulinipima wewe?" akasema. "Fungua daftari!"

Nikalifungua. Alikuwa mwembamba lakini mrefu wa kiwiliwili. Saizi ya kati.

Kapteni akanitazama kwa jicho moja limefumba. "Ungeuliza siku ile ya kwanza, ungejua. Ulipima, ukakimbia kama mtu wa sensa."

Niliporudi na kumweleza Mama, alikaa chini kabisa. "Miaka yote hii nashona mpira wa miguu," alisema. "Golikipa namjua. Libero!" Akampigia Fundi kelele kutoka chumba cha pili: "Mzee, ulijua kuna golikipa wa kukaa?" Fundi akajibu kwamba yeye tangu kuzaliwa anajua timu moja tu, nayo inamtesa vya kutosha.

Kitambaa cha machungwa kililala mezani kuanzia jioni hiyo mpaka Alhamisi, nami ndiye niliyekimwaga kwa mikunjo mipana, Fundi akisimama nyuma yangu akisema, "Legeza. Legeza zaidi. Unakilaza, hukifungi." Alhamisi asubuhi alinipa mkasi wake mkubwa, ambao hakuwa amempa mtu. Nilikata jezi moja ya machungwa na tatu za bluu, na yeye alikata upya zile sita. Mikono ya jezi ya kapteni tulilazimika kuiunga kwa vipande viwili, kwani kitambaa kilitubana. Mshono huo ulionekana ukitazama kwa karibu, na sikuupenda. Nilimweleza alipokuja kuchukua mzigo. Akapitisha kidole juu yake akasema, "Huo mshono haunisumbui. Wewe ndiyo unakusumbua."

Jumapili nilikwenda Busanza na Mama. Kila aliyekuwa karibu yangu alitazama mpira. Mimi nilitazama migongo na mikono. Kila mpira ulipopanda nilingoja kuona mkono wa nani utarudi nyuma kuvuta jezi. Seti ya kwanza, hapana. Seti ya pili, kapteni alijinyoosha kuufuata mpira uliokuwa unatoka nje, akalala karibu ubavu mzima, mikono yote miwili mbele yake. Jezi haikupanda. Aliuokoa. Yule wa machungwa alizunguka uwanja kama kaa, akipiga kelele kwa kila mtu, na mwamuzi hakumpoteza hata mara moja. Walifungwa, seti tatu kwa moja. Timu ile nyingine ilikuwa bora, na kapteni alisema hivyo kabla ya mtu mwingine kusema. Lakini nilihesabu mpaka mwisho, na hakuna mkono hata mmoja uliokwenda kwenye nguo.

Wiki ya kumi Mama alijaza fomu yangu ya tathmini. Aliandika: "Alikata kitambaa kabla hakijatulia. Alikwenda mwenyewe kuwaambia wachezaji." Kisha akatia sahihi. Chuoni walimu waliniuliza habari za sentensi hizo mbili kuliko kitu kingine chochote nilichokipeleka, na niliwaeleza kama ninavyokueleza wewe. Nilifaulu.

Siku hizi nashona nguo za michezo hapa Morogoro, na mara mbili kwa wiki nafundisha. Nawashukuru wale watu mara nyingi, hata katikati ya kazi, bila kupanga. Namshukuru Mama kwa kutonipa mtu wa kunisindikiza siku ile ya Jumanne. Angeweza kupiga simu, jambo likaisha kwa dakika mbili, na mimi nisingekaa kwenye saruji ile. Namshukuru Fundi kwa kunieleza alipokuwa na haki ya kunifokea. Na wale wanawake kumi ninawashukuru kwa mpira wa paji la uso. Kabla ya kumpima mchezaji yeyote sasa, naenda kwanza kumtazama akicheza, nami nacheza kidogo kama ataniruhusu, hata nikichekwa.

Nawe, siku utakayonunua kitambaa cha kuvutika, fanya hivi. Kifungue chote mezani bila kukivuta. Piga mistari miwili ya chaki, upande wa urefu, iachane nusu mita kamili. Kifunike kwa shuka, uende zako. Kesho yake asubuhi pima tena kati ya ile mistari. Ikiwa imesogeleana, futa, piga mingine, na usiguse mkasi mpaka ukute vipimo vya jana na vya leo vimelingana.